Eda Niliyoihesabu kwa Uongo

Mnaonifuata tangu mwanzo mnakumbuka tulipofika. Fundi Abasi, mume wangu wa miaka tisa, aliniandikia talaka moja kwenye karatasi ya kukatia suruali. Upande mmoja kipimo cha mguu wa kushoto wa karani wa posta, upande wa pili mimi.

Sababu, alisema, mimi mgumba.

Nikafunga kanga zangu. Mlangoni nikapishana na mke mpya, Zamda, ndiyo kwanza ameshuka kwenye treni ya Kaliua na sanduku lake la bati kichwani.

"Dada, shikamoo," akaniambia.

"Marahaba," nikamjibu. Ningefanyaje? Adabu ni adabu, hata kwa anayekuja kulalia mto wako.

Na wewe uliyeingia leo, vuta mkeka ukae. Hujachelewa. Aibu yenyewe nilikuwa bado sijaisema.

Leo naisema.

Nilikimbilia mtaa wa Ng'ambo, hapa hapa Tabora, kwa Bi Sikuzani, mpika vitumbua. Najua, dini inataka mwanamke wa talaka akae eda nyumbani kwa mumewe. Lakini nyumba ya Abasi ilikuwa na kitanda kimoja, na tayari kilikuwa na mtu.

Siku tatu nililala nikiutazama ukuta. Ndugu zangu wakaja kunifariji, Mungu awasamehe.

"Vumilia, mwanangu."

"Ndiyo dunia."

"Kwani siku hiyo ulimpikia nini?"

Mmoja akaniuliza kama nilishajaribu dawa ya mganga fulani. Mwingine akasema hata binamu yake alikuwa hazai, akafa. Kila aliyekuja kunipoza aliondoka ameniachia homa mpya.

Siku ya nne asubuhi nikasikia ndani mwa nyumba kishindo cha mguu mmoja unaoburutwa. Nikajua ni Abasi. Mguu wake wa kulia ulichoka kwa kukanyaga cherehani, akawa anauburuta. Moyo ukanipasuka paa!

Pazia likafunuliwa. Alikuwa Bi Sikuzani.

Alikuwa amevaa koti kuukuu la Abasi, ambalo nililifunga na vitu vyangu kwa kuchanganyikiwa. Kofia ya Abasi kichwani. Futi ya kamba shingoni. Chaki sikioni. Nyuma yake wanawake sita wa mtaa, wamejishika mbavu.

"Nani kafa humu?" akauliza kwa sauti ya Abasi, ile ya puani.

"Ndoa!" wakaitikia wenzake.

"Ilikuwa na umri gani?"

"Miaka tisa!"

"Imekufa kwa maradhi gani?"

"Imeishiwa uzi!"

Hapo nieleze kidogo, maana vijana wa leo utani mnaujua wa mpira tu. Mimi Mnyamwezi, Bi Sikuzani Mzaramo. Babu zetu walibeba pembe kutoka huku bara kwenda pwani. Babu zao wakakaa njiani kudai hongo. Siyo hongo ya siku hizi ya kupitisha chini ya meza, ni ushuru wa kupita. Mkitukanana njia moja miaka mia, mwisho mnakuwa ndugu. Na kazi kubwa ya mtani ni msibani. Anavaa nguo za marehemu, anamwiga anavyotembea, anazuia jeneza mpaka apewe haki yake. Wala humkasirikii. Ukimkasirikia mtani, mwenye aibu ni wewe.

Bi Sikuzani akashusha futi, akanipima kutoka utosini mpaka kisiginoni.

"Jeneza la nini? Maiti anapumua. Huyu alishonwa vibaya tu. Afumuliwe ashonwe upya!"

"Niache, Sikuzani," nikasema.

"Nikuache? Mpagazi wee! Babu yako alibeba pembe la ndovu kutoka Ujiji mpaka Bagamoyo, na siku ya kutua mzigo akacheza ngoma. Wewe umetua fundi cherehani, unalia!"

Sikutaka kucheka. Wallahi sikutaka. Kicheko kikanitoka pamoja na kamasi.

Siku hiyo nilikula vitumbua saba.

Basi toka hapo wakanigawana kama zamu ya kisima. Huyu asubuhi, yule mchana. Mwenye eda hazururi, kwa hiyo mji ukahamia chumbani kwangu. Ukitaka kusikia habari za Tabora nzima, ulikuja kwa mtaliki wa Ng'ambo.

Aliyekuwa hakosi ni Veneranda, mke wa Eustace, mchochea moto wa treni. Mkatoliki wa kila Jumapili, huyo.

"Nyinyi mna bahati," aliniambia siku moja huku akichambua mchele. "Mna talaka. Sisi ni kuvumiliana mpaka mmoja afe."

"Na wewe unavumilia?"

"Navumilia. Naomba tu atangulie yeye."

Halafu akajipiga ishara ya msalaba, akaendelea kuchambua.

Ni Veneranda aliyeleta kazi. Akaja na sare mbili za Eustace ndani ya kikapu. "Dada Tatu, nitobolee matundu ya vifungo. Mumeo ameyatoboa kama panya."

Hapo ndipo siri ikafumuka. Miaka tisa watu walimsifu Fundi Abasi kwa mkono mwepesi. Abasi alikuwa anakata na kukanyaga. Matundu ya vifungo, mapindo, kola, mkono ulikuwa wangu, nyuma ya pazia. Nilipoondoka, karani mmoja alikwenda ofisini suruali yake imeshikwa kwa pini. Alipoinama kumwamkia bwana mkubwa, pini ikafanya kazi yake.

Wanawake wakaanza kuniletea vitambaa vyao kwa mlango wa uani. Kwenye baraza ya Abasi wakabaki nzi. Akipita njiani, wake za watu wanageukia ukuta.

Bi Sikuzani akaniambia, "Eda ikiisha, baraza yangu ya mbele ni yako. Veneranda atakuazima cherehani ya dada yake. Tumeshakubaliana."

Sikulala kwa furaha. Mimi Tatu binti Mrisho, baraza yangu!

Ila ilibaki hiyo eda. Na hapa ndipo penye aibu, msinipige mawe kabla sijamaliza.

Eda ya talaka ni tohara tatu, yaani damu ya mwezi ije iishe mara tatu. Anayehesabu ni mwanamke mwenyewe, na neno lake ndilo neno. Hakuna shehe atakayekuja kukagua. Ikiwa haijaisha, mume aliyetoa talaka moja anasimama na kusema "nimemrejea", na umerudi, upende usipende. Ikiisha, mlango umefungwa. Akikutaka, alete posa kama mtu mwingine yeyote, na wewe una haki ya kumwambia aende akaoe cherehani.

Mwezi wa kwanza Bi Sikuzani akaniuliza, "Vipi, umeona?"

Nilikuwa sijaona. Lakini mtu amesimama mbele yako ameshika kitumbua cha moto, macho yanamng'aa kama anatafuta mwezi wa Idi. Utamwambia haujaandama?

"Nimeona," nikasema.

Uongo wa kwanza ulinikwama kooni kama mwiba wa perege. Wa pili, mwezi uliofuata, ukateleza. Wa tatu niliusema kabla hata sijaulizwa.

Nilijituliza kwa maneno. Nikasema majonzi hukausha damu, nani asiyejua? Na kama tumbo limekaza kidogo, ni vitumbua. Na kama harufu ya mafuta inanichefua asubuhi, si nalala karibu na jiko? Miaka tisa nimeambiwa mgumba. Neno likirudiwa miaka tisa, hata mwili unaliamini.

Siku ikatangazwa. Alhamisi, baada ya adhuhuri, eda ya Tatu imekwisha. Pilau likapikwa. Kanga mpya ikanunuliwa kwa michango, nyekundu, nzuri mpaka inatia kiburi.

Treni ya asubuhi ikamleta shangazi yangu Ng'washi kutoka Kigwa, na jogoo kwapani. Ndiye angeniogesha maji ya kutoka eda. Shangazi Ng'washi alikuwa mkunga. Nusu ya Kigwa ilianza kuuona mkono wake kabla ya kuuona uso wa mama.

"Mwangaluka!" akawaamkia wote kwa Kinyamwezi toka njiani. Akaniangalia usoni. Akaniangalia tena. Akamkabidhi Veneranda jogoo.

Tulikuwa hatujafika bafuni, mlango wa mbele ukagongwa.

"Hodi!"

Sauti ya puani. Safari hii haikuwa ya Bi Sikuzani.

Nikachungulia penye ufa wa pazia. Fundi Abasi, kanzu imepigwa pasi, kofia imekaa sawa. Kulia kwake Mwalimu Omari wa madrasa, mzee wa watu, mpole kama maji ya mtungini. Kushoto jirani yake mmoja wa kujaza idadi ya mashahidi.

"Nimekuja kumrejea mke wangu," akasema Abasi, na adhuhuri ilikuwa bado haijaadhiniwa.

Kuku wakanyamaza. Au labda ni mimi niliyeziba masikio.

Bi Sikuzani akatoka, mikono ina unga wa mchele mpaka viwikoni. Akaketi kizingitini. Na kizingiti kilikuwa chembamba, yeye si mwembamba.

"Mwalimu, shikamoo. Wewe pita, kaa barazani, unywe kahawa. Wewe Mnyamwezi, simama hapo hapo."

"Sina nafasi ya utani leo, Bi Sikuzani."

"Utani una siku zake? Huu mlango wa Mzaramo. Tangu lini Mnyamwezi akapita kwa Mzaramo bila hongo?"

Watu wakaanza kujaa. Mtaa wa Ng'ambo hauhitaji kengele.

"Haya, unataka nini?" akauliza Abasi.

"Sitaki shanga wala kaniki. Babu zako walibeba. Na wewe beba. Kile kinu changu pale, cha mninga. Kiweke begani, uende nacho mpaka msikitini, urudi. Na uimbe kipagazi."

Abasi akamwangalia Mwalimu Omari kama mtoto anayemwangalia mama yake. Mwalimu akafuta mdomo kahawa.

"Mtani ni mtani, Abasi," akasema. "Mimi nitakusubiri."

Mngeona! Fundi wa kanzu iliyopigwa pasi, kinu begani, mguu wa kulia unaburuta, umati nyuma yake unamwitikia, "Mzigo ee!" Wanawake waliokuwa wanamgeukia ukuta miezi mitatu, siku hiyo walimgeukia wote.

Nikacheka. Ndani ya kicheko mkono mkavu ukanishika kiwiko.

"Njoo uoge," akasema Shangazi Ng'washi.

Bafuni akanimwagia kata moja. Ya pili hakumwaga. Akaweka kiganja chake chini ya kitovu changu, akakiacha pale, akafumba macho kama mtu anayesikiliza mlango wa jirani.

"Tatu."

"Bee, shangazi."

"Damu uliiona lini mara ya mwisho? Usinipe ile ya Sikuzani. Nipe yangu."

Maji yakanitiririka mgongoni. Nikajua nimefika mwisho wa njia.

"Kabla ya talaka," nikasema.

"Na hizo tohara tatu?"

"Nilizisema tu."

Hakunipiga kofi. Afadhali angenipiga.

"Sasa hii ni nini humu ndani?"

"Vitumbua, shangazi."

"Kitumbua hakina kisigino, mwanangu."

Nikakaa chini kwenye maji. "Lakini mimi mgumba!"

"Nani alisema?"

"Abasi."

"Abasi ni mkunga? Abasi anajua matumbo ya suruali." Akachuchumaa mbele yangu, akaninong'oneza, maneno yake mafupi kama ya mtu anayezalisha. "Sikiliza. Eda ya mwenye mimba haina tohara. Ni mpaka azae. Eda yako haijaisha. Ukisema imekwisha, miezi mitano ijayo mji wote utahesabu kwa vidole zile tohara tatu ulizozisema, na vidole havitamwangukia Abasi. Mtoto wako atakua anaulizwa baba yake nani. Ukisema haijaisha, unatoka hapa leo leo begani kwa Abasi kama kile kinu. Unarudi nyuma ya pazia kutoboa matundu."

"Nifanye nini?"

"Mimi natoa watoto tumboni," akasema. "Maneno kinywani mwa mtu sijawahi kutoa."

Nje pakalipuka vigelegele. Kinu kilikuwa kimerudi.

Shangazi akanifunga ile kanga nyekundu. Akaifunga juu, chini ya kwapa, akaiachia mikunjo mingi mbele. Nikatoka nikasimama ndani ya mlango wa mbele.

Barazani Bi Sikuzani alikuwa bado kizingitini, amenipa mgongo. Abasi amesimama mbele yake, jasho limeichora kanzu, kinu bado kiko begani kwa sababu hakuna aliyemwambia atue.

"Nimelipa," akahema. "Nipishe niseme maneno yangu."

"Maneno gani? Eda imekwisha tangu adhuhuri. Umechelewa, fundi, kama kawaida yako. Hata kanzu za Idi ulikuwa unaleta mfungo mosi umeisha."

"Nani shahidi kwamba imekwisha?" akauliza Mwalimu Omari taratibu.

"Mimi!" Bi Sikuzani akainua mkono wake wenye unga. "Kama eda ya mtani wangu haijaisha, Mwenyezi Mungu avinyime vitumbua vyangu kuumuka mpaka nife!"

Jamani. Mwanamke yule hakuwa na mume, hakuwa na shamba. Alikuwa na unga unaoumuka.

"Na mimi!" akadakia Veneranda, jogoo kwapani. "Sijui kiapo chenu, lakini naapa kwa chetu, Padri asisikie!"

Na wa tatu, na wa nne. Mtaa mzima ukaniapia. Kila mkono uliopanda nilikuwa nimewahi kula kutoka kwake.

Mwalimu Omari akatikisa kichwa. "Nawasikia. Lakini hili neno ni la mwenyewe. Tatu binti Mrisho, umo humo?"

"Nimo, Mwalimu. Shikamoo."

"Marahaba. Eda yako imekwisha au haijaisha?"

Bi Sikuzani akageuka akanitazama. Alikuwa anatabasamu, ameshashinda. Akanikonyeza.

Nikafungua kinywa. Na pale pale, chini ya mikunjo ya kanga nyekundu, kitu kikanigusa kwa ndani, taratibu, mara moja, kama mtu aliyekosa mlango na hataki kusumbua.

Miaka tisa nilikuwa nakisubiri kile.

Uongo sikuuweza tena. Ukweli nao ulikuwa umesimama mbele yangu na kinu begani. Nikafanya kitu pekee nilichojua kukifanya tangu utoto.

"Kitendawili!" nikasema.

"Tega!" akaitikia Abasi. Mazoea. Miaka tisa nilikuwa namtegea tukila.

Watu wakacheka. Mwalimu Omari hakucheka.

"Amekuja hakupiga hodi. Ameketi hakukaribishwa. Nimemlisha miezi na jina lake silijui."

"Kunguni!" akapiga kelele mtu nyuma.

"Deni!" mwingine.

"Mama mkwe!" akasema Veneranda.

Abasi akakunja uso, kinu kinamlemea. Akafikiri. Kufikiri kwake nilikuwa nakujua, hakukuwa kwa mbali. "Nimeshindwa," akasema. "Tupe jibu."

"Nipe mji kwanza."

"Chukua Tabora."

"Tabora siyo yako."

"Basi chukua Kaliua."

"Kaliua kwao Zamda."

Vicheko tena. Lakini Bi Sikuzani hakucheka safari hii. Tabasamu lilikuwa limemtoka. Macho yake yalishuka kutoka usoni kwangu mpaka kwenye mikunjo ya kanga, yakakaa pale. Nikaona midomo yake inahesabu. Kisha akaangalia mikono yake yenye unga.

Nikamwomba radhi kwa macho. Hakuniangalia. Polepole akanyanyuka kizingitini, mlango ukabaki wazi, hauna mtu.

Sikuwa na muda wa kulia.

"Abasi," nikasema, "mji ninaoutaka ni huu. Tamka sasa hivi, mbele ya Mwalimu na watu wote hawa, kwamba mimi Tatu hunirejei, leo wala kesho, mpaka nitake mwenyewe. Ukishatamka, nakupa jibu."

"Mji gani huo?"

"Ndio huo. Umeshindwa kitendawili, lipa mji. Au Wanyamwezi siku hizi hawalipi?"

"Alipe! Alipe!" umati ukaitikia.

Abasi akakiangalia kinu. Akauangalia umati. Akamwangalia shahidi wake wa kushoto, ambaye naye alikuwa anaimba "alipe". Alikuwa amechoka, masikini, na kutamka ni kitu chepesi kuliko kinu cha mninga.

"Haya," akasema. "Mimi Abasi bin Juma..."

"Abasi."

Ilikuwa sauti ya Mwalimu Omari. Kikombe cha kahawa amekiweka chini. Alikuwa hamtazami Abasi, wala hanitazami usoni. Alikuwa anamtazama Shangazi Ng'washi, mkunga wa Kigwa, aliyesimama nyuma yangu na mkono wake, kwa mazoea ya kazi, umeshika kiuno changu.

"Abasi," akasema Mwalimu, "tua kinu. Na usitamke neno."